Nati Inagoma Njiani: Kutafuta Chanzo cha Matatizo ya Thredi za Milimita

Ukisimama dakika chache kwenye kaunta ya duka la bolti katika eneo la Unga Limited, Arusha, utasikia ombi lilelile likirudiwa: "Bosi, nipe za kumi na saba, nne." Muuzaji anachota kwenye boksi, anazilinganisha kwa jicho na ile ya zamani iliyojaa grisi, anapokea hela. Baadaye kidogo bolti imegoma katikati ya tundu la aluminiamu, na kijana wa gereji anatafuta bomba la kurefushia spana.

Kumi na saba ni namba ya spana. Inaeleza upana wa kichwa cha bolti, basi. Kuhusu thredi, yaani meno ya bolti, haisemi kitu. Ninaandika haya kwa ajili ya mafundi wa gereji, wachomeleaji na vijana wanaojifunza kazi, kwa sababu matundu mengi ninayoletewa kuyatengeneza yalikuwa mazima mpaka pale bolti isiyo yake ilipolazimishwa.

Jina kamili la bolti linakwenda hivi: M10 × 1.25, urefu 40, daraja 8.8. M inakuambia thredi ni ya milimita. 10 ni kipenyo cha nje. 1.25 ni pichi, yaani umbali kutoka ncha ya jino moja hadi ncha ya jino linalofuata. Ukikuta imeandikwa M10 tupu, maana yake ni pichi ya kawaida, ambayo kwa M10 ni 1.5. Nyuma ya jina hilo kuna viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, vinavyogawana kazi: ISO 68-1 imechora umbo la jino, pembetatu ya nyuzi 60 iliyopunguzwa ncha, ISO 261 imepanga kipenyo kipi kinakwenda na pichi zipi, ISO 965 inasema jino linaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa kiasi gani, ISO 898 inashughulika na nguvu. Nitakitaja kila kimoja pale dalili inapokigusa.

Nati inaingia mizunguko miwili, halafu inagoma

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote, na chanzo chake mara nyingi ni pichi. Kipenyo ni sawa, umbo la jino ni sawa, kwa hiyo mwanzo unaingia vizuri kwa vidole na moyo unatulia. Kisha inakaza ghafla. Chukua bolti ya M10 × 1.5 na nati ya M10 × 1.25. Jino la kwanza linakaa mahali pake, la pili limekosea kwa robo milimita, la tatu kwa nusu milimita. Hapo chuma hakina tena pa kwenda. Ukiongeza nguvu utaingia, ndiyo, lakini unaingia kwa kukata, na kinachokatwa ni kile kilicho laini zaidi. Kwenye injini, kilicho laini ni silinda hedi au sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Bolti itatoka nzima na vumbi la aluminiamu likiwa limejaa katikati ya meno yake.

Watu hujiuliza kwa nini pichi ziwe mbili kama zote ni za milimita. Zote ni halali, na ISO 261 imeziorodhesha zote. Pichi kubwa inafunga haraka, inavumilia uchafu na kugongwagongwa. Pichi ndogo inaacha kiini kinene zaidi: M10 × 1.5 ina eneo la kubeba mzigo la milimita za mraba 58.0, wakati M10 × 1.25 ina 61.2. Watengenezaji wa magari ya Japani wamependa sana 1.25 kwa M10 na M12, na kwa kuwa barabara zetu zimejaa Toyota, Nissan, Suzuki na Subaru, fundi wa hapa anakutana na pichi ndogo kila siku. Duka la vifaa vya ujenzi, kwa upande wake, limejaa pichi kubwa, kwa sababu bolti za mageti na mapaa hutengenezwa hivyo. Bolti ya geti ikiingia kwenye injini, shida imeanza.

Mfano mmoja wa kushika mkononi ni nati ya kumwagia oili, tunayoiita nati ingawa ni bolti. Kwenye Toyota nyingi ni M12 × 1.25. Honda nyingi hutumia M14 × 1.5. Bolti ya kawaida ya dukani ya M12 ina pichi 1.75. Nati ya sampu ya Toyota Noah ikipotea, kijana akatumwa "kachukue ya kumi na mbili", atarudi na M12 × 1.75, nayo itashika mizunguko miwili. Ikilazimishwa, tundu la sampu limekufa, na bei ya nati moja imegeuka kuwa bei ya kushusha sampu.

Mfano wa pili uko kwenye tairi. Nati za Toyota na Honda ndogo ni M12 × 1.5. Za Nissan, Suzuki na Subaru ni M12 × 1.25. Kwa spana ya mkono fundi anahisi inagoma na anasimama. Kwa bunduki ya upepo hahisi chochote. Nati inazama mpaka mwisho, na stadi, ile bolti ya gurudumu inayopokea nati, imeliwa. Ninawaomba mafundi tairi jambo moja tu: mizunguko mitatu ya kwanza iwe ya vidole. Isipoingia kwa vidole, bunduki isiguse.

Kupima pichi hakuhitaji vifaa vya gharama. Geji ya thredi, yale majani membamba yenye meno, ni nzuri ukiwa nayo. Usipokuwa nayo, chukua rula, iite ncha ya jino la kwanza sifuri, hesabu mpaka kumi, soma urefu. Milimita 15 ni pichi 1.5. Milimita 12.5 ni 1.25. Milimita 17.5 ni 1.75. Ukipata 14 na kidogo, au 10 na nusu na ushee, hiyo si ya milimita kabisa, na nitaifikia. Njia ya tatu ni ya haraka kuliko zote: chukua bolti unayoijua, ilaze juu ya ile usiyoijua, meno ndani ya meno, kisha ziinue kwenye mwanga. Kama pichi ni moja, hakuna mwanga unaopita kwa urefu wote. Kama ni tofauti, utaona zinakaa upande mmoja na kupanda upande wa pili.

Kama pichi umepima na iko sawa, bado kuna sababu nyingine za nati kugoma. Angalia jino la mwanzo, maana bolti iliyoanguka kwenye zege mara nyingi huwa na jino moja lililopondeka, na faili dogo la pembetatu linamaliza kazi. Angalia rangi, simenti na gundi ya zamani ya kuzuia kulegea. Angalia kama umeingiza kombo: irudishe nyuma taratibu kinyume cha kukaza mpaka uhisi inadondoka kidogo, tiki, ndipo uanze kukaza. Hicho kidondoko ni mwanzo wa jino kukutana na mwanzo wa jino, na fundi akishakizoea haingizi tena bolti kombo.

Halafu kuna bolti za mabati, zile za kijivu zilizochovywa kwenye zinki ya moto, zinazotumika kwenye minara ya matangi na fremu za sola. Zinki hiyo ni nene. Kwa jino la nyuzi 60, kila unene wa zinki unaongeza kipenyo cha katikati ya jino mara 4: zinki ya mikroni 50 inaongeza karibu milimita 0.2. Nati ya kawaida haiwezi kuingia hapo. Nati zake hupigwa tapu (kifaa cha kuchongea thredi ndani ya tundu) kubwa kidogo kwa makusudi, kwa hiyo zinunue pamoja na bolti zake. Usipitishe dai, kifaa cha kuchongea thredi za nje, kwenye bolti ili nati ya kawaida iingie; utakuwa umeondoa zinki yote uliyoilipia, na mvua za Machi hadi Mei zitaanzia hapo kula.

Bolti inaingia mpaka mwisho, lakini inacheza

Kabla ya kusema imechakaa, ipime kwa venia, kile kipimo kinachosoma sehemu ndogo za milimita. Mtu akinunua bolti mpya ya M10 akapata 9.85 hudhani ameuziwa feki. Hapana. Bolti ya kawaida hutengenezwa kwa kiwango cha uvumilivu kinachoitwa 6g, na nati kwa 6H. Kwa M10 × 1.5, ISO 965 inaruhusu kipenyo cha nje kati ya 9.732 na 9.968. Haifiki 10 kamili, nayo haikusudiwi kufika. Nafasi hiyo ndiyo inayoiruhusu nati kupita. Kutikisika kidogo kabla ya kukaza ni hali ya kawaida. Kutikisika kama jino linatembea ni jambo jingine.

Kutikisika kwa aina ya pili mara nyingi ni inchi ndani ya milimita. Bolti ya 5/16 ina kipenyo cha 7.94, karibu sana na M8. Ile yenye meno 18 kwa inchi ina pichi 1.41, kwa hiyo kwenye nati ya M8 × 1.25 itagoma baada ya mizunguko michache na utajua. Ya hatari ni ile yenye meno 24, pichi 1.06, ikikutana na nati ya M8 × 1. Tofauti ni ndogo mno kiasi kwamba inaingia vizuri, inakazika, na mtu anaondoka na amani. Lakini meno yanashikana kwa sehemu tu, na siku ya mzigo yanachomoka. Ndiyo maana nati kuingia mpaka mwisho si ushahidi wa kutosha kwamba ni yake.

Inchi hizi tunazipata wapi? Kwenye mashine za kizamani za kumenyea kahawa zilizotoka Uingereza, ambazo bado zipo kwenye mashamba ya miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Kwenye trekta kama Massey Ferguson 135. Kwenye Land Rover za zamani, ambazo ni mchanganyiko unaohitaji subira. Hapa historia inasaidia kazi. Joseph Whitworth alipendekeza thredi yake mwaka 1841, yenye pembe ya nyuzi 55 na ncha za mviringo. William Sellers kule Philadelphia akaleta ya nyuzi 60 mwaka 1864. Mwaka 1898 mkutano wa Zürich ukapitisha thredi ya milimita ya nchi za Ulaya, nayo ikachukua nyuzi 60. Vita vya Pili vya Dunia viliwafundisha Wamarekani na Waingereza kwamba vifaru na ndege haviwezi kubadilishana spea kama bolti haziingiliani, na mwaka 1948 wao pamoja na Kanada wakakubaliana thredi moja ya inchi, ya nyuzi 60, ndiyo UNC (pichi kubwa) na UNF (pichi ndogo). ISO ilipoanzishwa mwaka 1947, kamati yake ya kwanza kabisa, TC 1, ilipewa kazi ya thredi.

Kwa hiyo mashine ya Kiingereza ya kabla ya makubaliano hayo inaweza kuwa na Whitworth, na ya baadaye ikawa na UNC. Bolti ya 3/8 ina meno 16 kwa inchi kwenye mifumo yote miwili, na zinaingiliana ingawa pembe si moja. Ya 1/2 ni mtego: Whitworth ina meno 12, UNC ina 13. Ukiwa na mashine ya namna hii shambani, usibadilishe bolti moja moja kuwa ya milimita kwa kupanua tundu moja leo na jingine mwaka kesho. Mtu atakayeifungua baada yako hatajua lipi ni lipi. Kama ni lazima, badilisha matundu yote ya kifuniko kizima, kisha gonga herufi M kwenye kifuniko kwa patasi.

Hata kwenye gari jipya kabisa la watalii utakutana na inchi moja: skrubu ya kushikia kamera ni 1/4 yenye meno 20, ISO 1222 imeikubali hivyo dunia nzima. Ukitengenezewa kishikio cha kamera cha kufunga kwenye paa la Land Cruiser, mwambie fundi asiweke M6.

Namba ni ileile, lakini spana haishiki

Turudi kwenye kumi na saba. Kiwango cha thredi na kiwango cha kichwa ni vitu viwili tofauti, na vichwa vimebadilika kwa nchi na kwa wakati. Hizi ndizo spana utakazokutana nazo:

M6: 10, karibu kila mahali.
M8: 13 kwa ISO na kwa DIN, kiwango cha Ujerumani; 12 kwenye magari mengi ya Japani.
M10: 16 kwa ISO, 17 kwa DIN, 14 kwenye magari ya Japani.
M12: 18 kwa ISO, 19 kwa DIN, 17 kwenye magari ya Japani.
M14: 21 kwa ISO, 22 kwa DIN, 19 kwenye magari ya Japani.

Soma mstari wa M10 na wa M12 tena. "Ya kumi na saba" ya dukani ni M10. "Ya kumi na saba" iliyotoka chini ya Noah ni M12 × 1.25. Mtu aliyetumwa kwa namba ya spana hana kosa, na muuzaji hana kosa. Swali lenyewe ndilo lililokuwa pungufu. Vivyo hivyo kwa kumi na tisa, ambayo inaweza kuwa M12 au M14. Ukienda dukani nenda na bolti yenyewe iliyosafishwa kwa petroli na brashi ya waya, pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kipenyo na pichi. Usiende na kichwa kilichokatika peke yake. Hakina habari unayoihitaji.

Thredi zinakufa unapokaza

Bolti na nati za kiwango zimepangwa ili, ukizidisha mno, bolti ikatike kabla meno hayajachomoka. Kukatika kunaonekana; meno yaliyokufa nusu hayaonekani. Basi ukiona meno yanachomoka, mpango huo umevunjwa mahali fulani.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni nati. Bolti ya M10 ya 8.8 inavumilia kuvutwa kwa nyutoni 46,400 kabla ya kukatika, karibu tani 4.7. Nati inayolingana nayo ina alama ya 8. Nati isiyo na alama yoyote, iliyotolewa kwenye boksi la bolti za vitanda, inaweza isifike hata nusu ya hapo. Kununua bolti nzuri na kuifunga kwa nati ya bure ni kupoteza hela ya bolti.

Mahali pa pili ni tundu lililotobolewa kubwa. Kanuni ni rahisi na inafaa kuandikwa ukutani mwa karakana: kipenyo cha drili ni kipenyo cha bolti ukitoa pichi. M6, drili 5. M8, drili 6.8. M10 × 1.5, drili 8.5. M10 × 1.25, drili 8.8. M12 × 1.75, drili 10.2. M12 × 1.25, drili 10.8. Ninaelewa kwa nini watu huchukua drili ya 9 kwa M10: tapu inaingia kwa wepesi na haikatiki. Lakini ukilinganisha na 8.5 umetupa theluthi ya urefu wa jino. Kama unaogopa kukata tapu, shida haitatuliwi kwa drili kubwa. Anza na tapu ya kwanza ya seti, fuata ya pili, malizia na ya mwisho. Kila nusu mzunguko rudi robo ili chembe zikatike. Weka oili kwenye chuma na mafuta ya taa kwenye aluminiamu. Na hakikisha tapu imesimama wima. Iangalie kutoka pande mbili kwa kutumia skwea, si upande mmoja.

Mahali pa tatu ni urefu wa thredi zinazoshikana. Ndani ya chuma cha kawaida, urefu unaolingana na kipenyo cha bolti unatosha. Ndani ya kasti weka mara moja na nusu. Ndani ya aluminiamu nenda mpaka mara mbili. Mtu akiongeza washa mbili chini ya kichwa kwa sababu bolti "ni ndefu", amepunguza kushikana huko bila kujua.

Tundu la aluminiamu likishakufa, ninapendekeza helikoili kuliko kupanua kwenda bolti kubwa. Ni springi ya chuma cha pua inayoingizwa kwenye tundu lililopigwa tapu maalumu, na ndani yake bolti ya awali inarudi kama ilivyokuwa. Nunua ya pichi sahihi. Helikoili ya M10 × 1.5 ndani ya hedi iliyokuwa na M10 × 1.25 inakurudisha kwenye tatizo la kwanza. Na kwa plagi za injini kumbuka kwamba M14 × 1.25 ni ya kwao peke yao. ISO 261 imeiweka kwenye orodha kwa ajili ya plagi tu. Usitegemee kupata bolti ya kujaribia.

Bolti inakatika

Soma kichwa. 4.6 maana yake inavumilia nyutoni 400 kwa milimita ya mraba, na inaanza kurefuka moja kwa moja, bila kurudi, ikifika asilimia 60 ya hapo. 8.8 ni 800 na asilimia 80. 10.9 ni 1000 na asilimia 90. Kichwa kisicho na alama kichukulie kuwa dhaifu, kisiende kwenye breki, springi wala usukani. M10 ya 8.8 hukazwa kwa takribani nyutoni mita 45 hadi 50. Fundi mwenye mwili akitumia spana ndefu anazidisha hapo bila kutoka jasho. Na bolti iliyopakwa oili hubeba mvuto mkubwa zaidi kwa mkazo uleule wa spana, kwa hiyo namba ya kitabu iliyoandikwa kwa thredi kavu haifai kwa thredi yenye oili. Bolti iliyokwisha kurefuka huijua kwa kuilaza kando ya mpya: sehemu moja ya meno imeachana.

Inalegea kila safari

Lami inaishia lango la Lodoare, Ngorongoro. Kutoka hapo kwenda Serengeti gari linapigwa na matuta madogo ya barabara kwa saa nyingi, na madereva wanajua ni bolti zipi zitadai spana jioni. Mwaka 1969 mhandisi wa Ujerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba kinacholegeza bolti zaidi ni vipande viwili kuteleza upande kwa upande, si kutikiswa kwenda juu na chini. Vipande vikiteleza, msuguano unaoshika thredi unapotea kwa kitambo, na bolti inajizungusha yenyewe.

Kwa hiyo tiba ni kuzuia kuteleza: mvuto wa kutosha ndani ya bolti. Safisha rangi na kutu pale vipande vinapokutana, maana rangi inakandamizwa taratibu na mvuto unapungua. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo. Bolti ndefu na nyembamba inashika mvuto wake vizuri kuliko fupi na nene. Washa ya springi ambayo wengi wanaitegemea imefanya vibaya kwenye vipimo vya mashine ya Junker. Nati yenye plastiki ndani au gundi ya thredi ni bora zaidi. Nati ya plastiki ikishaingia kwa vidole mpaka mwisho, itupe.

Haifunguki hata kwa bomba

Kabla ya bomba, uliza kama ni thredi ya kushoto. Nati za magurudumu ya upande wa kushoto kwenye Fuso na Isuzu nyingi za mfumo wa Japani hufunguka kinyume. Pedali ya kushoto ya baiskeli pia, na jiwe la kushoto la mashine ya kunolea. Tafuta herufi L au LH kwenye ncha ya stadi. Kama haionekani, tazama mwelekeo wa meno bolti ikiwa imesimama: ya kawaida hupanda kwenda kulia.

Bolti na nati za chuma cha pua zina tabia yao. Zinashikana zenyewe wakati wa kukaza, bila kutu, hasa zikikazwa haraka kwa mashine. Zikishashikana, kata. Kuzuia ni kupaka grisi ya thredi na kukaza polepole kwa mkono.

Imekaza vizuri lakini inavuja

Thredi ya milimita haizibi oili wala maji. Kati ya ncha za meno na mabonde yake kuna njia nyembamba inayozunguka mpaka nje. Kinachoziba ni washa ya shaba au ya aluminiamu chini ya kichwa, kwa hiyo tepu nyeupe kwenye nati ya sampu haitibu kitu. Badilisha washa na usafishe pale inapokaa.

Thredi za bomba ni familia nyingine. ISO 7 ni za kuzibia kwenye meno yenyewe, nyingi zikiwa na mchongoko, na hizo ndizo zinazotaka tepu. ISO 228 ni zilizonyooka na zinaziba kwa washa. Zote zina pembe ya nyuzi 55, urithi wa Whitworth, na ni za inchi hata kwenye nchi za milimita. Hapa ndipo swichi ya oili inapowasumbua watu. Kwenye Toyota nyingi tundu lake ni 1/8 ya bomba: kipenyo 9.73, meno 28 kwa inchi, pichi 0.907. Swichi ya gari jingine inaweza kuwa M10 × 1. Kwa jicho zinafanana kabisa. Ya M10 ikilazimishwa kwenye tundu la 1/8 inakata aluminiamu ya bloku. Ya 1/8 ikiwekwa kwenye tundu la M10 inaingia kwa ulegevu, inakaza mwishoni kwa sababu ya mchongoko, na kuvuja injini ikipata moto. Geji za oili za kuongezea huja na 1/8 ya Kimarekani, yenye meno 27, na hiyo ni ya tatu ya kuchanganya. Hesabu ile ya meno kumi inazitenganisha: milimita 10 kwa M10 × 1, 9.1 kwa 1/8 ya bomba, na 9.4 kwa ya Kimarekani. Tofauti ni ndogo kwa rula, kwa hiyo tumia venia, na upime mara mbili.

Ukikwama kabisa, mpelekee fundi wa mashine ya kukereza vitu vyote viwili, bolti na kipande chenye tundu. Kwa bolti peke yake atakuchongea nakala ya bolti, pamoja na uchakavu wake. Tundu ndilo linaloonyesha meno halisi, hasa pale chini kabisa ambapo bolti haikuwahi kufika.